Taa Mbili Zilizozimika Pamoja

Fundi Zima hakuwa mtu wa kuamini kitu kwa kuambiwa. Maziwa aliyanusa kabla ya kuchemshwa, akayanusa tena yakishachemka. Akipewa dawa hospitali, alisoma tarehe ya mwisho palepale dirishani, mbele ya aliyempa, na watu wa foleni wakamsonya kwa nyuma. Mtu akimsalimia kwa uchangamfu uliozidi kidogo, aliitikia marahaba huku akijiuliza huyu leo anataka nini. Mkewe, mshonaji wa sare za shule, alikuwa ameishi naye miaka thelathini na mbili kwa kumfanyia mzaha. Alisema mume wake akiona jua limechomoza, atataka kujua limeingilia mlango gani.

Lakini jina la Zima halikutokana na hayo. Lilitokana na kazi.

Magari ya siku hizi yana umbea. Chini ya kiti kuna sensa inayojua kama umekaa wewe au umeweka mkoba tu. Nyuma kuna nyingine inayopiga kelele ukirudi kinyumenyume karibu na ukuta. Kwenye tairi kuna inayopima upepo, kwenye kioo kuna inayotambua mvua, na mbele kabisa, nyuma ya bampa, kuna ile inayosubiri siku moja tu maishani mwake, siku ya kugonga, ili iufumue mfuko wa hewa kutoka kwenye usukani kabla kifua cha dereva hakijafika. Zote hizo hupeleka habari kwenye kompyuta ndogo iliyofichwa chini ya dashibodi, na kompyuta ikiona mambo hayako sawa, humwashia dereva taa. Sasa dereva ni mtu mzima, na watu wazima hawapendi kuambiwa. Walikuja karakana na taa nyekundu ikiwatolea macho, na hawakutaka kujua inasema nini. Walitaka inyamaze.

"Fundi, hebu nizimie hii. Inanitia wasiwasi."

Naye aliizima. Mkanda ukipiga kelele, aliunyamazisha. Sensa ikifa, aliiwekea kompyuta kikorokoro cha kuidanganya kwamba bado ni hai. "Mimi sivunji kitu," alipenda kusema. "Naituliza tu."

Tusimwonee, alikuwa na kichwa. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, sakafu iliyolewa oili, na rafu ya makopo ya biskuti yaliyojaa fyuzi, balbu na vipande vya waya, na humo alibuni vitu ambavyo hata waliotengeneza magari hawakuvifikiria. Alimtengenezea dereva mmoja waipa zinazoanza zenyewe tone la kwanza likigusa kioo. Mwingine alimtengenezea feni inayowaka mtu akikaa kitini na kuzimika akiinuka, nayo ilifanya kazi vizuri mpaka siku mwenye gari alipopakia gunia la viazi kwenye kiti hicho. Feni ilipuliza viazi mchana kutwa na betri ikafa.

Kila alichokiunga alikifunga kwa uzi. Tepu nyeusi ya umeme, alisema, ikipata joto hujiachia. Hivyo juu ya tepu alizungusha uzi wa cherehani wa mkewe, wa rangi yoyote aliyoikuta mezani, akaupiga mafundo matatu. Mafundi wenzake walimcheka kwamba yeye hatengenezi magari, anayashona.

Jumatatu moja, saa nne asubuhi, binti yake wa pekee aliingia uani akiendesha gari la buluu.

Binti huyo alikuwa muuguzi wa zahanati, mfupi kama mama yake, na mimba yake ilikuwa ya miezi saba. Ili mguu ufike kwenye breki alikuwa amekivuta kiti mbele kabisa, na kati ya tumbo na usukani ilibaki shubiri moja.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. La nani hilo?"

"Langu. Mume wangu kaninunulia, kwa yule mkunga wetu aliyestaafu. Alitaka iwe siri mpaka likamilike."

"Siri," Fundi Zima alisema, kama mtu aliyeng'ata mchanga.

Mkwe wake alikuwa mwoka mikate, kijana mpole anayecheka upesi, na kule kucheka upesi ndiko Fundi Zima hakukuelewa tangu siku ya posa. Mtu anacheka nini kabla hujamaliza kusema? Sasa kanunua gari bila kumwonyesha baba mkwe ambaye ni fundi umeme wa magari. Kwa nini? Jibu la kweli lilikuwa rahisi: mkwe alijua mzee angelikataa gari hili na mengine kumi yatakayofuata. Lakini jibu rahisi Fundi Zima hakuwa na mazoea nalo.

Aliingia, akazungusha ufunguo nusu bila kuwasha injini, akatazama dashibodi. Taa zote ziliwaka, na ndivyo inavyotakiwa. Gari zima huwasha taa zake zote kwanza, kuonyesha kwamba balbu hazijaungua, kisha kila moja huzimika kwa wakati wake. Ya mfuko wa hewa huzimika yenyewe baada ya sekunde sita hivi, injini iwe imewashwa au haijawashwa. Ya betri husubiri injini iungurume.

Fundi Zima alihesabu sita. Akahesabu kumi. Akafika ishirini, na taa ya mfuko wa hewa bado inawaka kando ya ile ya betri. Akawasha injini. Zote mbili zikazimika pamoja, kufumba na kufumbua.

Alirudia mara tatu. Mara zote tatu zilizimika pamoja kama ndugu walioitwa na mama yao.

"Kuna nini, Baba?"

"Hakuna. Nani alilikagua?"

"Mume wangu alikwenda na rafiki yake."

"Rafiki gani?"

"Baba, jamani."

Ujanja ule aliujua. Mtu alikuwa amekata waya wa taa ya mfuko wa hewa ili usipokee habari kutoka kwenye kompyuta, akauunga na waya wa taa ya betri. Dereva akiwasha, anaona taa imewaka na imezimika, anajua yuko salama, anaondoka. Ilikuwa kazi ya mafundi wa kubahatisha. Yeye alikuwa amebuni kisanduku chake kinachohesabu sekunde sita kamili, hata mkaguzi haoni kitu. Na mtu hajisumbui kudanganya taa kama mfuko upo.

"Usiliendeshe tena," alimwambia. "Mumeo kauziwa mbuzi kwenye gunia. Au yeye ndiye kakuuzia wewe."

Hilo la pili angeweza kulimeza. Baadaye alimwambia mkewe kwamba lilimponyoka, lakini halikumponyoka, alilitafuna kwanza. Binti alisimama akishika mlango wa gari, uso umemshuka, kisha akaondoka kwa miguu.

Wiki hiyo Fundi Zima hakufanya kazi nyingine. Alipita mbele ya duka la mikate mara mbili kwa siku na kumchungulia mkwe wake kupitia kioo, akamwona akicheka na wateja. Alikwenda nyumbani kwa mkunga akijifanya anaulizia ufunguo wa akiba. Mkunga alikuwa mama mnene, mtaratibu, aliyezalisha nusu ya mtaa, akampa chai. Fundi hakuigusa mpaka alipomwona mwenyewe ameonja ya kwake.

"Taa zake zilikuwa zinasumbua, Bi Mkunga?"

"Hata siku moja. Zinawaka, zinazima. Kwani zilitakiwa zifanye nini zaidi?"

Aliliona jibu hilo limenyooka mno. Mkunga alisema alilinunua miaka minne iliyopita kwa mtu aliyehama, na Fundi akajiambia kwamba watu wanaohama wana bahati, hawaulizwi. Njiani alipanga yote kichwani: mkunga alijua, mkwe alijua, bei iliteremshwa kwa sababu hiyo, wakacheka. Yule kijana alikuwa amemkalisha mtoto wa mtu, mwenye mimba, mbele ya usukani usio na kitu ndani.

Alhamisi jioni binti alirudi kwa wazazi wake na begi. Alikuwa amemuuliza mume wake kama alijua, mume akakana, binti akauliza tena kwa namna ambayo mume hawezi kuisahau, na maneno yakawa mengi. Fundi Zima alimpokea begi akaliweka chumbani, na moyoni aliona amefanya la maana. Mkewe hakuinua macho kwenye cherehani.

"Mtoto ana mzigo wa miezi saba," alisema, "na wewe unamwongezea mwingine."

"Namwokoa."

"Una hakika?"

"Macho yangu yameona."

"Macho yako yameona taa, Baba watoto. Watu hujawaona."

Ijumaa mkwe alikuja karakana mwenyewe, unga bado kwenye nyusi. Safari hii hakucheka.

"Baba, naomba gari lifunguliwe. Mbele ya mke wangu, mbele ya Mama, mbele ya Bi Mkunga. Kama nilijua, niambiwe hapohapo, nami nitaondoka."

Fundi Zima alimtazama sana. Aliwaza kwamba mwenye hatia ndiye hutangulia kusema afunguliwe. Kisha akakubali, maana hakuna alichokitaka zaidi.

Jumamosi asubuhi walikusanyika. Mkunga alikaa kwenye stuli, mkoba mapajani. Binti alisimama upande mmoja wa gari, mume wake upande wa pili. Mke wa fundi alikuja na futi yake ya kushonea shingoni, hakukumbuka kuivua. Fundi Zima aliondoa nyaya za betri, akawaambia wasubiri dakika kumi, kwa sababu hata betri ikitolewa, umeme uliobaki ndani unaweza kuufumua mfuko usoni mwa mtu. Wakasubiri. Kila mmoja alimwangalia mwenzake akifikiri haonekani.

Alianza na usukani. Kifuniko cha katikati kilikuwa kimegundishwa kwa gundi, akakibandua kwa bisibisi. Ndani, mahali pa mfuko wa hewa, palikuwa na kipande cha godoro kilichokatwa kwa kisu.

Mkunga alishika kifua. "Miaka minne," alisema. "Miaka minne nimewapakia wajukuu wangu humo."

Fundi Zima aliona raha. Ndiyo, na tuseme ukweli: mtoto wake alikuwa ameponea chupuchupu, mama wa watu anatetemeka kwenye stuli, naye kifuani aliona raha ya mtu aliyesema na ikawa. Alimtupia mkwe wake jicho. Kisha akafungua skrubu za dashibodi ili awaonyeshe na waya wenyewe, akavuta, akaingiza mkono nyuma, akaupata, akautoa kwenye mwanga.

Nyaya mbili zilizoungwa, tepu nyeusi, na juu ya tepu uzi wa zambarau wenye mafundo matatu.

Akaufumbata.

Gari lilikuwa jeupe wakati ule, miaka minne nyuma. Halikuwa la buluu. Buluu ilipakwa baadaye. Lililetwa na mwanamume mwenye mkono uliofungwa bendeji, pua ya gari imegongwagongwa kunyooshwa, rangi bado inanuka. Alitaka taa izimwe kabla ya Ijumaa, kwa sababu mnunuzi anakuja. Hiyo ilikuwa kabla ya kile kisanduku cha sekunde sita, wakati Fundi Zima mwenyewe alikuwa fundi wa kubahatisha. Yeye, anayenusa maziwa mara mbili, siku ile hakuuliza gari limegonga nini. Hakuuliza mkono umefanyaje, wala mnunuzi ni nani, wala ana watoto wangapi. Alizima taa, akafunga uzi, akanawa mikono.

"Umeona nini, Baba?" binti aliuliza.

"Waya tu."

"Nani aliuunga?"

"Nitajuaje?"

Binti akamgeukia mume wake. Macho yake yaliuliza, na yule mwoka mikate akainamisha kichwa. "Sijui nikwambie nini uniamini," alisema polepole. Mkunga alikuwa ameanza kuapa kwa majina ya marehemu wake. Fundi Zima hakuhitaji kufanya lolote. Angenyamaza tu, na kunyamazisha ndiyo ilikuwa kazi yake. Mkwe angeondoka kama alivyoahidi. Mtoto angezaliwa nyumbani kwa babu yake, naye babu angebaki kuwa mtu aliyeona mapema. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

Alifumbua mkono.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyeuunga. Huyu hana kosa. Wala Bi Mkunga hana."

Hakuna aliyeelewa mara moja, isipokuwa mmoja. Mkewe alisogea, akauchukua ule uzi kwa ncha za vidole, akausugua kama anavyosugua kitambaa dukani.

"Huu ni wa ile shule ya masweta ya zambarau," alisema. "Niliutafuta nyumba nzima. Ukaniambia jirani kauiba, na mpaka leo simsalimii."

Fundi Zima alimwendea mkwe wake. Ilikuwa hatua nne, na zilikuwa ndefu. "Mwanangu, nimekukosea," alisema. Mkwe aliitikia kwa kichwa tu, akafuta macho kwa kiganja, unga ukamwingia, akayafuta tena.

Binti yake hakulia. Alikuwa anatazama rafu ya makopo ya biskuti, kopo baada ya kopo.

"Ni magari mangapi, Baba?"

"Sijui."

"Kumi? Mia?"

"Mwanangu, sijui."

Alichukua mkono wa mume wake, wakaondoka pamoja, begi wakalipitia njiani.

Kesho yake Fundi Zima aliukata ule waya na kuurudisha wake mahali pake. Taa ya mfuko wa hewa ikawaka nyekundu na haikuzimika tena, na gari likakaa uani hivyo. Aliagiza mfuko mpya, uliofungwa kiwandani, akausubiri wiki tatu. Katika wiki hizo aliwapigia simu wenye magari aliowakumbuka. Wengine walimshukuru. Mmoja alimuuliza kama amelewa. Mmoja alisema gari hilo alishaliuza kwa watu wenye watoto watano, hajui wanaishi wapi, na Fundi Zima akabaki ameshika simu sikioni muda mrefu baada ya kukatwa. Barabarani akawa anasimama kwenye kila gari linalowashwa, anainama dirishani kutazama taa, mpaka watu wakamwona ameanza kuchanganyikiwa. Wateja wa kuzima taa aliwarudisha. Aliwauliza gari limegonga nini, nao wakaenda kwa fundi wa jirani ambaye hana maswali.

Mfuko ulipofika aliufunga mwenyewe, mchana kutwa, bila uzi. Akamwita binti yake.

Binti alikuja na mtu. Alikuwa fundi mwanamke wa karakana ya barabara ya pili, ambaye Fundi Zima alikuwa na mazoea ya kumsema kwamba anajua kuosha magari tu. Alikuwa na kisanduku cha vifaa mkononi.

"Baba, nimemwomba aitazame kazi," binti alisema. Aliinamisha macho, lakini hakuyumba. "Usinichukie."

"Sikuchukii."

"Naweza kufungua, Mzee?" fundi mwanamke aliuliza.

Fundi Zima alimpa bisibisi yake mwenyewe, ile nzuri, kisha akamshikia tochi. Aliishika vizuri, akiisogeza kila mkono wa yule mwanamke uliposogea, na alipoulizwa swali alijibu. Aliulizwa mengi. Alipomaliza, yule fundi alirudisha kifuniko na kusema kazi ni safi.

Binti aliingia, akakivuta kiti mbele, tumbo likakaribia usukani. Akazungusha ufunguo nusu. Taa zote zikawaka. Alihesabu kwa sauti, na alipofika sita, ile nyekundu ilizimika yenyewe, ile ya betri ikabaki.

Fundi Zima alishusha pumzi, akanyoosha mkono kumfungia mlango. Lakini binti alikuwa amekwisha kuurudisha ufunguo, na sasa aliuzungusha tena, akaanza kuhesabu kutoka moja.